Misasa Minne na Jino la Mbele

*Risala ya wafanyakazi wa Kliniki ya Meno ya Murera kwa Mkurugenzi wa Huduma wa shirika, Bwana Obiero. Imesomwa na Sista Nelima, muuguzi wa meno, Jumatano, tarehe 10 Juni 1998.*

Mgeni rasmi, Bwana Obiero, Mwenyekiti wa kamati ya kliniki, wazazi wetu wa Murera na Theta, wageni kutoka Ruiru na Thika, wanakwaya mliotuimbia, mabibi na mabwana, hamjambo nyote.

Ukaribisho

Sisi wafanyakazi wa kliniki hii, saba kwa hesabu, tunakukaribisha, Mgeni rasmi, kwa mikono miwili. Barabara umeiona mwenyewe. Mvua za El Nino zilituachia mashimo mengi kuliko barabara, na habari zilitufikia kabla ya gari lako kwamba ulikwama pale chini, ukashuka, ukakunja suruali na kusukuma pamoja na akina mama waliotoka kuchuma kahawa. Tangu hapo watu wa Murera wameshakupenda, hata kabla hujasema neno.

Kwa kawaida risala husomwa mbiombio ili watu wakanywe chai. Hii yetu ni ndefu kidogo, tunaomba utuvumilie. Kuna mtu mmoja tunayetaka umjue kabla ya chai, naye hajui kuwa yumo humu. Alituomba tuandike habari za vifaa tu. Tulimkubalia mbele yake, kisha tukakaa bila yeye tukaandika upya.

Historia

Kliniki hii ilianza mwaka wa 1987 ikiwa na chumba kimoja, kiti kimoja na koleo. Kazi ilikuwa kung'oa. Dakta Wamalwa, daktari wetu wa meno, anasema kwamba kwa miaka saba sifa zake zote zilikuwa kwenye mkono wa kulia, na mpaka leo wapo wazee wa Theta wanaomsalimia njiani wakiwa wamefumba midomo.

Mwaka wa 1994 shirika lilituletea taa ya buluu na dawa nyeupe ya kujazia meno. Dawa hiyo ikitoka ni laini kama unga uliokandwa. Daktari huijaza kwenye tundu, huitengeneza ifanane na jino, huimulika kwa ile taa, nayo hugeuka ngumu papo hapo. Kwa watu wetu ilikuwa neema kubwa. Wengi hapa wamelelewa kwa maji ya visima yanayotia meno rangi ya kahawia, na kwao dawa nyeupe ilikuwa ruhusa ya kucheka hadharani. Foleni ilifika langoni.

Furaha ile haikudumu. Baada ya miezi mitatu au minne watu walianza kurudi. Meno tuliyowajazia yalikuwa yamechafuka, mengine yana rangi ya chai, mengine ya sukuma wiki. Tuliwaambia wapige mswaki, na kumbe walikuwa wakipiga. Tukawaambia wapunguze chai, na mtu wa Murera ukimwambia apunguze chai atakutazama kwanza aone kama wewe mwenyewe ni mzima.

Mmoja wao ni Nyawira, huyu aliyeongoza kwaya sasa hivi. Jino lake la mbele tulilijaza mara mbili, na Machi 1996 akarudi mara ya tatu. Aliketi kwenye benchi akiwa ameziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Tulipomuuliza tatizo, alijibu bila kukiondoa.

"Sista, hii jino imekunywa chai kunishinda," alisema. "Sasa wamenipeleka mstari wa nyuma, na mimi ndio huwa naanzisha. Nitaanzisha aje kutoka nyuma?"

 Aliyekuwa na jibu alikuwa akipiga deki hatua mbili kutoka pale benchini.

Mpiga deki

Mgeni rasmi, huyo ni Mama Fatu. Alikuja kwetu mwaka wa 1989 akiwa kibarua wa usafi. Kwake ni Kiganjo, kule Thika. Mumewe, marehemu Swaleh, alikuwa seremala, na kwa miaka kumi na mmoja kazi ya msasa na vanishi katika karakana yao ilikuwa ya Fatu. Swaleh alikata na kuunga, na kitu kikishasimama alimwachia mkewe. Amelainisha vitanda, kabati, meza za harusi, na mimbari moja ya kanisa lililoko Ruiru, ambayo huitaja kwa majivuno ingawa hajawahi kuingia kuiona ikiwa mahali pake. Swaleh alipofariki, ndugu walikuja wakachukua randa na misumeno, na Fatu akashika ufagio. Kwa miaka saba hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza alikuwa akifanya kazi gani kabla ya hapo. Hilo tunalisema kwa aibu.

Siku ile alimsikia Nyawira na akashindwa kujizuia. Aliweka chini kitambaa cha deki, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akamwomba yule binti ageuke aelekee dirishani na afungue mdomo. Hakulitazama jino kwa mbele kama tunavyolitazama sisi. Aliinama, akalitazama kwa ubavu dhidi ya mwanga, vile fundi anavyoutazama uso wa meza akitafuta kosa. Aliona mistari. Kisha akapitisha ukucha taratibu, na ukucha ukakwama.

Hapo alijua mistari ile imetoka wapi, na alijua kwamba na yeye ana mkono ndani yake.

Ni lazima tueleze, Mgeni rasmi, ingawa wewe unazijua idara zote za shirika. Dawa nyeupe ikishakuwa ngumu hulainishwa kwa visahani vya msasa, vidogo kama kifungo cha shati, vinavyozungushwa na mashine. Viko vinne. Cha kwanza ni kikali, cha pili kimepungua ukali, cha tatu kimepungua zaidi, na cha nne ukikigusa utadhani ni karatasi ya barua. Sisi tulikuwa tukitumia cha kwanza na cha nne. Vile viwili vya katikati tuliviona ni vizuri mno na ni vichache, basi tukavifungia kabatini, kama mama anavyofungia vikombe vya wageni. Mgeni wa kustahili visahani vile hakutokea kwa miaka miwili.

La pili ni kwamba visahani hivyo vimetengenezwa vitumike mara moja na kutupwa, nasi kwa uhaba tulikuwa tukiviosha. Aliyepewa kazi ya kuviosha ni Mama Fatu. Aliviosha vyote katika beseni moja, kama alivyoagizwa, na hakuwahi kuuliza ni vya nini, kwa sababu mpiga deki haulizi mambo ya chumba cha daktari.

Alilipiga deki eneo lile lile mara tatu akiwaza. Akisema, itakuwa mfagiaji anamsahihisha daktari. Na akisema yote, itabidi ataje na beseni lake. Angeweza kunyamaza, na Nyawira angerudishwa nyumbani na mswaki mpya, nasi tusingejua kitu. Mwishowe alibisha mlango.

"Daktari, naona mmeruka msasa," alisema. "Mmetoka kwa ule mkali mkaenda moja kwa moja kwa ule laini. Ule laini hauwezi kutoa mikwaruzo ya mkali, unaing'arisha tu. Chai inaingia humo inakaa. Na mimi pia nimekosa, nimekuwa nikiosha vyote kwa beseni moja. Chembe moja ya mkali ikishika kwa laini, unakwaruza upya ukidhani unamaliza."

Dakta Wamalwa alimwambia akamalize kupiga deki. Tulidhani mambo yameishia hapo, na Fatu mwenyewe alirudi Kiganjo jioni ile akijua amejitafutia balaa. Asubuhi iliyofuata Daktari alifika mapema kuliko sisi sote, akafungua kabati, akatoa vile visahani vya katikati na glasi nne. Alimwita Fatu kwa jina lake kamili, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea humu ndani.

Mafanikio

Meno yaliyong'olewa hatujawahi kuyakosa. Daktari aliyachagua ishirini, akayasafisha, akayajaza dawa nyeupe na kuyagawa mafungu manne. Fungu la kwanza alilibana kwa utepe wa plastiki angavu, akalimulika taa na kuliacha vivyo hivyo bila msasa. La pili alilifanya kwa mtindo wetu wa zamani, mkali kisha laini kabisa. La tatu lilipitia visahani vyote vinne, lakini vilivyooshwa beseni moja. La nne lilipitia vyote vinne kwa mpango, kila kisahani kina mkebe wake na brashi yake, na jino linasuuzwa na kukaushwa kabla ya kuingia kisahani kinachofuata. Hilo la nne Daktari alianza mwenyewe, lakini mkono uliozoea kung'oa ulikandamiza mno mpaka dawa ikapata joto. Akamkabidhi Fatu mashine.

Kisha kila fungu likatumbukizwa katika glasi ya chai ya rangi, nzito, inayobadilishwa kila asubuhi. Mbithe wa mapokezi alibandika karatasi juu yake: HII CHAI SI YA KUNYWA. Hata hivyo kuna mzee mmoja aliyelalamika kwamba kliniki ina chai na wagonjwa hawakaribishwi.

Siku ya kumi na nne tuliyatoa. Fungu la pili lilikuwa limeiva kwa chai kama kitambaa cha jikoni. La tatu lilikuwa afadhali, lakini ukilitazama kwa ubavu unaona mstari hapa na pale, na kila mstari umeshika rangi yake. La kwanza, lile la utepe, lilitushangaza. Kwa ukucha lilikuwa laini kuliko yote, lakini lilikuwa limeinywa chai kupita tulivyotarajia. Daktari alieleza kwamba juu yake hubaki utando mwembamba wa gundi usio imara, na tena mdomoni huwezi kuuacha, kwa kuwa jino lazima lipunguzwe lilingane na wenzake. Fatu alisema kwao walikiita kitanda cha kuuzia, vanishi juu na mbao mbichi chini. Fungu la nne lilibaki jeupe. Dakta Wamalwa alilipitishia ukucha, akampa Sista, Sista akampa Mbithe, na hakuna aliyepata pa kukwama.

Siku ile, Mgeni rasmi, tulicheka sana. Daktari alipiga makofi akiwa amevaa glavu.

Kwa miezi mitatu Daktari alimfundisha Fatu kushika mashine juu ya meno yaliyong'olewa, akamfundisha ufizi ulipo na ulimi unakokimbilia. Tangu Agosti 1996 mambo yamekwenda hivi: Daktari anajaza, Daktari anachonga, kisha Fatu analainisha, Daktari akiwa amesimama begani mwake na kukagua mwisho. Mkono wa Fatu ni mwepesi. Hukipeleka kisahani bila kukandamiza, hukiinua, husuuza, hukausha, hutazama kwa ubavu, ndipo akabadilisha. Cha nne kikimaliza, huja kikombe cha mpira na dawa ya kung'arisha. Wagonjwa waoga wanamwomba yeye, kwa sababu huwasimulia habari za vitanda alivyowahi kulainisha na wenyewe walivyolala.

Zamani, katika kila watu kumi tuliowajazia meno ya mbele, wanne walirudi kabla ya mwaka kwisha. Tangu Agosti ile tumewajazia watu mia mbili na kumi na wawili, na waliorudi ni watano, na mmoja kati ya hao alifungua chupa kwa jino. Nyawira tulimjaza upya mwezi ule ule. Leo umemwona akisimama mstari wa mbele, na sote tumeona jinsi anavyofungua mdomo bila kubania.

Changamoto

Stima inapotea mara kwa mara. Ikipotea taa ya buluu ikiwa imewaka nusu, mgonjwa hubaki mdomo wazi akitungoja sisi, nasi tunangoja stima. Visahani vya msasa vinatoka Nairobi na hufika vikichelewa, na sasa kwa kuwa hatuviruki vinaisha haraka.

Changamoto kubwa ni barua ya tarehe nne Mei. Inasema kazi ya usafi katika kliniki zote itapewa kampuni ya kukodiwa, na vibarua wa usafi wamalize kazi tarehe thelathini mwezi huu. Mwisho wake kuna orodha ya kliniki, na kwa upande wa Murera imeandikwa: "Vibarua wa usafi, mmoja." Barua ina sahihi yako, Mgeni rasmi. Hatusemi hivyo kwa kukulaumu. Makao makuu yanajua kwamba tuna ufagio mmoja hapa, na ni sisi ambao hatukuwahi kuandika kwamba mwenye ufagio huo ndiye mwenye msasa. Tulinyamaza kwa kuogopa kuulizwa.

Mama Fatu aliisoma barua akaikunja vizuri. Aliomba ruhusa ya jambo moja tu, kwamba kila siku baada ya chakula cha mchana amfundishe Sista Nelima, anayesoma risala hii, kila anachokijua kabla ya tarehe thelathini. Anamfundisha kwa subira, naye Sista anajitahidi. Lakini kazi aliyoipata mtu kwa miaka kumi na mmoja ya mbao haihamishiki kwa wiki saba, na ukucha wa Fatu bado unakwama kwenye kazi ya Sista. Ukikwama husema, "Rudia, mwanangu, usifanye haraka, bado nipo."

Wiki iliyopita Mbithe alimkuta akilia pale sinki, akiviosha vile visahani, kila kimoja katika mkebe wake. Alimwambia kwamba ufagio ataupata popote, hilo halimuumizi. Kinachomuumiza ni kwamba Swaleh alipokufa mikono yake ilikosa kitu cha kulainisha kwa miaka saba, ikaja ikapata, na sasa inakosa tena. Baada ya kusema hivyo akajifuta, akamwita Sista waendelee na somo. Sisi tulipoisikia habari hiyo hatukula chakula cha mchana siku ile.

Maombi

Tunaomba visahani vya msasa vya kutosha miezi sita, vyote vinne kwa idadi sawa. Tunaomba jenereta ndogo, hata kama imetumika.

Na tunaomba Mama Fatu asiondoke. Tunaomba aajiriwe kama msaidizi wa meno, na apelekwe kwenye yale mafunzo ya shirika yanayofanyika Thika. Tumeiona fomu yake. Inataka mtu wa kidato cha nne, asiyezidi miaka thelathini na mitano. Fatu ana miaka arobaini na saba na aliishia darasa la saba. Hatuombi ufunge macho. Tunaomba atahiniwe kwa mkono, mbele ya daktari yeyote utakayemchagua, na akishindwa sote tutanyamaza.

Mama Fatu, tunakuona pale nyuma karibu na birika unatikisa kichwa. Utatusamehe.

Mgeni rasmi, limebaki jambo moja, na Dakta Wamalwa ameagiza lisomwe polepole. Mwezi wa Februari ulipita hapa Jumatatu asubuhi bila kutarajiwa. Ulikuwa umetoka kwenye ruracio, sherehe ya mahari, huko Thika, ukauma mfupa, na jino la mbele likavunjika kona, nawe ulikuwa na mkutano Nairobi saa sita. Daktari alilijaza na kulichonga. Halafu ukafumba macho, na mtu mwingine akakalia kile kigoda, Daktari akiwa amesimama begani mwake. Ulipoinuka ulipitisha ulimi huku na huku, ukasema hupaoni palipovunjika. Katika kitabu cha wageni uliandika kwa mkono wako: "Kazi safi sana. Ni nani huyu mwenye mkono mwepesi?" Tuliogopa, hatukukujibu. Tumechelewa miezi minne.

Jibu ni yule mama mwenye leso ya kijani aliyekushikia mlango ulipoingia leo. Kama kuna kosa katika hilo, si lake. Sisi wengine sita tumetia sahihi chini ya karatasi hii, Dakta Wamalwa wa kwanza, na lolote liwe juu yetu. Ila kabla hujasimama kutujibu, Mgeni rasmi, tunakuomba upitishe ulimi hapo kwanza.

Mola wa misikiti yetu na wa makanisa yetu akulinde barabarani, akupe afya na maneno mema, na awatunze wote wanaolainisha yale ambayo wengine huyaacha yakiwa yamekwaruzika.

Ni sisi, wafanyakazi wa Kliniki ya Meno ya Murera, sita tulioandika, na mmoja tuliyemwandikia.